Mzee Aliyepotea Buhongwa: Kwa Nini Tangazo la Kwanza Lilishindwa na la Pili Likampata

Mzee huyu ana zaidi ya miaka sabini. Tangu mkewe afariki anaishi Buhongwa, Mwanza, kwa binti yake. Kwa muda mrefu kabla ya kisa hiki familia ilikuwa imeona kwamba anasahau: anauliza jambo lilelile kila baada ya dakika chache, anamwita mjukuu kwa jina la mdogo wake aliyekwishakufa, anaamka usiku kutafuta viatu ili "awahi kazini". Hawakuwahi kumpeleka hospitali kwa ajili hiyo. Walisema ni uzee.

Jumanne moja ya kiangazi cha 2025, wiki chache baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa, alitoka nyumbani kama saa mbili asubuhi. Binti alikuwa ameenda sokoni, dada wa kazi alikuwa anafua nyuma ya nyumba, na geti lilikuwa limerudishiwa tu. Ilipofika saa nne familia ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima bila mafanikio, na muda mfupi baadaye tangazo la kwanza likaingia WhatsApp na Facebook. Alipatikana Alhamisi asubuhi Igombe, upande wa pili kabisa wa jiji, akiwa mzima.

Familia imeniruhusu kukiandika kisa hiki. Majina, namba na tarehe nimeviondoa. Mimi ni mwalimu, jirani yao na msimamizi wa grupu la WhatsApp la mtaa, na kuanzia Jumatano mchana nilikabidhiwa daftari la simu zinazoingia. Mengi yaliyomo humu niliyaona mwenyewe. Mengine niliwauliza wahusika baadaye. Ninaandika kwa sababu kila wiki naona matangazo ya watu waliopotea yakipita kwenye simu yangu, yameandikwa kwa uchungu wa kweli, na mengi yanafanana na lile la kwanza. Tangazo la namna ile linaweza kufika nchi nzima lisimfikie mtu mmoja aliyesimama pale mgonjwa anapopita.

Tangazo la kwanza

Lilisema hivi, neno kwa neno:

"TUSAMBAZE JAMANI. Baba yetu mpendwa ametoka nyumbani leo asubuhi na hajarudi mpaka sasa. Tunaomba yeyote atakayemwona atupigie kwa namba hizi. Usipite bila kusambaza, leo kwetu kesho kwako. Mungu akubariki."

Chini yake kulikuwa na namba tatu: ya binti, ya kaka yake aliyeko Dar es Salaam, na ya shemeji. Picha ilikuwa ya harusi ya mjukuu, ya miaka mingi nyuma. Mzee amevaa suti nyeusi na tai, amenenepa, nywele zimepakwa rangi, anacheka.

Lilikuwa limeandikwa na mtu ambaye mikono inamtetemeka, na wala simlaumu. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Kirumba ambaye hamjui mzee huyu. Tangazo limetoka mji gani? Halisemi. "Leo" ni lini? Jumanne ilikuwa leo, na Ijumaa, mzee akiwa ameshalala kitandani kwake, bado ilikuwa leo. Alikuwa amevaa nini? Kwa kuangalia picha, suti. Mtu aliyetoka Buhongwa asubuhi ile alikuwa mwembamba, mwenye mvi fupi, amevaa koti la kahawia lililopauka mabegani na ndala za bluu. Konda wa daladala aliyembeba kutoka katikati ya jiji aliniambia baadaye kwamba lile tangazo alilipata Jumanne jioni, akalipita. "Mwalimu, huyu wa suti na yule niliyembeba mimi ni watu wawili," alisema.

Kusambaa, lilisambaa. Usiku ule lilikuwa limefika Dodoma, Mbeya, hadi kwa Watanzania walioko nje ya nchi. Chini yake watu waliandika "poleni sana" na "Mungu amtangulie", na nina hakika walikuwa wanamaanisha. Simu ya kaka yule wa Dar es Salaam ililia mpaka chaji ikaisha, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mbali zaidi na uwezo mdogo zaidi wa kufanya lolote. Namba ya shemeji haikupatikana nusu ya siku kwa sababu alikuwa safarini. Walipoanza kupokea simu watu watatu tofauti, kila mmoja akawa na habari yake: mpigaji wa Mkolani alimpigia shemeji kuhusu mzee aliyekaa chini ya mwembe, shemeji akatuma bodaboda, kumbe binti alikuwa ameshafika pale saa moja kabla na kumkuta mzee mwingine kabisa, mwenyeji wa palepale.

Wapigaji wengine walikuwa Kahama, Arusha na Tunduma. Wote walikuwa wamemwona mzee mwenye suti.

Maji, na wazo la kutekwa

Kwetu huku ziwani, mtu akikosekana wazo la kwanza ni maji. Ni ukanda uliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, na hakuna familia isiyo na ndugu, jirani au mtu wa kanisani kwao aliyechukuliwa na ziwa. Kwa hiyo Jumanne mchana vijana wa familia walikwenda kando ya ziwa upande wa Nyegezi kuulizia kama kuna mwili ulioonekana. Waliulizia maiti, hawakuulizia mtu hai. Naliandika hili kwa sababu swali unaloanza nalo ndilo linalopanga nani umwulize. Wavuvi walijibu kwa dhati kwamba hakuna mwili, na vijana wakarudi nyumbani.

Wazo la pili lilitoka kwenye simu. Kufikia usiku, mtu asiyejulikana alikuwa ameambatanisha na tangazo lile ujumbe wa sauti unaosema kuna gari dogo jeupe linalozunguka Mwanza kuchukua wazee. Familia haikusema hivyo popote. Lakini ulikuwa wakati ambapo habari za watu kutekwa zilikuwa midomoni mwa wengi, na ujumbe ule ulipata miguu kuliko tangazo lenyewe. Jumatano asubuhi, kijana mwenye gari jeupe aliyesimama kumpa lifti bibi mmoja karibu na Nyashishi alizingirwa na bodaboda. Bibi ndiye aliyemwokoa, kwa kupiga kelele kwamba huyo ni mtoto wa dada yake.

Jambo hili lina historia mbaya na inafaa ijulikane. Mwaka 2018 nchini India, watu wasiopungua 20 waliuawa na makundi ya wananchi baada ya uvumi wa wateka watoto kuenea kwa WhatsApp. Mojawapo ya video zilizowasha moto ule ilikuwa tangazo la kuelimisha wazazi lililotengenezwa Karachi, Pakistan. Mtu alikata sehemu ya mwisho inayoeleza kwamba ni igizo, ikabaki picha ya pikipiki ikimnyakua mtoto. Baada ya hapo WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au magrupu matano kwa mara moja, ikaanzia India na Januari 2019 ikakieneza dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe uliokwishasambazwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha grupu au mtu mmoja kwa wakati. Vikomo hivyo vinapunguza kasi. Haviwezi kurudisha kipande kilichokatwa, wala kuongeza tarehe ambayo mwandishi hakuiweka.

Jumanne hiyohiyo usiku matapeli nao walianza kupiga. Mwanamke mwenye sauti ya upole alipiga akijitambulisha kuwa nesi wa zahanati huko Geita: "Dada, mzee wenu yupo hapa kwetu, ameanguka, anahitaji dripu. Tumeni elfu sitini kwenye namba hii tumhudumie, halafu mje." Binti alikuwa ameshaanza kutafuta pesa. Mjukuu mmoja, msichana wa kidato cha nne, akachukua simu akauliza, "Samahani nesi, mkono wake wa kushoto una nini?" Mzee ana kovu refu la ndoana kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, huwezi kumwekea dripu bila kuliona. Simu ikakatwa.

Mjukuu yule wa kidato cha nne aligundua peke yake kanuni ambayo wapelelezi huitumia: baki na alama moja ambayo hujaitangaza. Tangu hapo kovu lile halikuandikwa popote, na kila aliyedai yuko na mzee aliulizwa.

Kikao cha Jumatano

Nilipofika Jumatano mchana familia ilikuwa haijakwenda polisi. Waliamini lazima saa 24 zipite kwanza. Imani hiyo imeenea sana na inaumiza, kwa sababu kwa mtoto mdogo au mgonjwa wa kusahau saa za kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote: bado yuko karibu, bado hajapungukiwa maji, na waliomwona bado wanakumbuka. Binti na mwenyekiti wa mtaa walikwenda kituoni, wakaandikiwa RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, jioni ileile. Vijana wengine wawili walitumwa Bugando na Sekou Toure, wodini na mochwari. Hakuna tangazo la mtandaoni linaloziba nafasi ya safari hizo.

Sisi tuliobaki tulikaa na swali moja: anakwenda wapi?

Familia ilikuwa na jibu tayari. Mzee ni mzaliwa wa Sengerema, kwa hiyo atakuwa anakwenda kwao. Jumanne yote walikuwa wamelenga upande huo, Usagara hadi Kigongo na ng'ambo ya pili Busisi. Zamani za kivuko, upande ule kulikuwa na mahali pa kumkamatia mtu: kila msafiri anashuka, anasubiri, anaonekana, na wauza mahindi ya kuchoma wanajua nyuso. Sasa daraja lina urefu wa kilometa 3 hivi na basi linapita bila kusimama. Nalifurahia daraja, kama kila mtu wa huku. Kwa anayetafuta mtu, limeondoa mlango.

Aliyetubadilishia mawazo ni shangazi yao, dada mkubwa wa mzee, anayeishi Magu. Alipigiwa simu kupewa taarifa tu, kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo. Akasikiliza, kisha akamwuliza binti, "Mwanangu, mmeuliza Igombe?" Hakuna mtoto aliyekuwa anajua habari ya Igombe. Shangazi akaeleza kwamba kaka yake aliondoka Sengerema akiwa kijana, akavua Igombe na Kayenze miaka mingi kabla hajaoa, na alikuwa fundi wa nyavu anayetegemewa pale mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Watoto walizaliwa baada ya yeye kuacha uvuvi na kuhamia mjini.

Ukiujua ugonjwa wenyewe, maneno ya shangazi yanakaa mahali pake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kwa wengi, kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kupotea na za ujana ndizo zinazodumu. Mgonjwa anapotoka nyumbani, mara nyingi kwa akili yake yeye hajapotea: anakwenda nyumbani kwa zamani, kazini kwa zamani, kwa mama yake. Zile asubuhi za kutafuta viatu ili awahi kazini zilikuwa taarifa, na familia ilikuwa nazo muda wote. Kwa hiyo kabla hujaandika tangazo, mpigie mtu mzee kuliko wote katika ukoo. Umwulize mgonjwa alikuwa nani akiwa na miaka ishirini.

Tangazo la pili

Tuliliandika tukiwa watu wanne mezani, saa nzima. Hili hapa:

"MWANZA. ANATAFUTWA MZEE MWENYE UGONJWA WA KUSAHAU. Tangazo hili limetolewa Jumatano, tarehe …, saa 12 jioni. Alitoka nyumbani Buhongwa Jumanne, tarehe …, saa 2 asubuhi. Ana zaidi ya miaka 70, mrefu, mwembamba, mvi fupi, anaburuza kidogo mguu wa kulia. Amevaa koti la kahawia lililopauka, shati la bluu na ndala za bluu. Anaweza kuwa Igombe, Kayenze au kwenye mwalo wowote wa Ilemela. Anazungumza Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili. Hajalewa na si mwizi, ni mgonjwa. Ukimwona, msalimie kwa heshima, mkalishe, mpe maji, usimshike kwa nguvu, kaa naye kisha piga namba hii moja: … (binti yake). Polisi wana taarifa, RB namba …. Hatuombi pesa, na usimtumie mtu pesa kwa ajili ya tangazo hili. Akipatikana tutatoa taarifa kwa namba hiihii."

Picha ilitoka kwenye simu ya mjukuu, ya wiki tatu kabla: mzee anakunywa chai barazani, amevaa koti lilelile. Mji, tarehe na namba tuliviandika juu ya picha yenyewe, kwa sababu picha ikisambazwa mara nyingi huachana na maneno yake na kuendelea na safari peke yake.

Sentensi iliyobishaniwa zaidi ni ile ya "hajalewa na si mwizi". Kaka wa Dar es Salaam, aliyekuwa kwenye simu, aliona inamvunjia baba heshima. Mimi na mwenyekiti tuliisimamia. Mzee anayeingia kwenye ua wa watu usiku, asiyeweza kueleza ametoka wapi wala anamtafuta nani, ana hatari ya kuitiwa mwizi. Na hatari nyingine ni kubwa zaidi kwetu Kanda ya Ziwa, ambako tumeona wazee, hasa akina mama wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Mgonjwa wa kusahau anaongea peke yake. Anaita majina ya waliokufa. Anasimama mlangoni kwa watu alfajiri. Anayemkuta anahitaji kuambiwa kabla hajaogopa, na kuambiwa jambo la kufanya kwa mikono yake: kiti, maji, salamu. Kaka alikubali mwishoni.

Kisha tukaamua nani atumiwe. Hatukulirusha kila mahali. Kila mtu mezani alitaja wanaojuana nao upande wa kaskazini mwa jiji: konda wa njia ya Airport, msimamizi wa kijiwe cha bodaboda Pasiansi, katibu wa BMU, yaani kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, huko Igombe, mchuuzi wa dagaa wa soko la Kirumba Mwaloni, muumini wa msikiti mmoja Kayenze, mwalimu mwenzangu anayefundisha Bugogwa. Waliombwa wasilitume nje ya Mwanza.

Hata Marekani, kwenye mfumo wa dharura wa kutafuta watoto waliotekwa unaoitwa AMBER Alert, ulioanza Texas mwaka 1996 baada ya mtoto wa miaka 9, Amber Hagerman, kutekwa na kuuawa, tangazo halirushwi kwa kila mtu kwa kila tukio. Polisi huthibitisha kwanza, kunakuwa na maelezo ya kutosha ya kumtambua mtoto au mtekaji, na tangazo linalenga eneo. Facebook ilipojiunga nao Januari 2015, kampuni yenye uwezo wa kufikia zaidi ya watu bilioni moja, iliamua kuwaonyesha walio ndani ya eneo la msako tu. Watu waliosoma jambo hili kwa miaka mingi wamefika palepale tulipofikishwa na meza ya Buhongwa.

Jambo la mwisho tulilofanya usiku ule lilipendekezwa na binti mwenyewe: alimpigia shangazi na kumwomba arekodi ujumbe wa sauti kwa Kisukuma. Dakika moja na nusu. Alitaja jina la kaka yake walilomwita ujanani, jina la baba yao, na nyavu. Si kila mtu mwaloni anasoma maandishi marefu kwenye skrini ndogo yenye mpasuko, tena mikono ikiwa na magamba ya samaki. Kila mtu anasikia.

Igombe

Ilikuwa siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi ya dagaa inapumzika na watu wanabaki nchi kavu kutengeneza vifaa. Ndiyo sababu mwaloni kulikuwa na watu wengi wenye muda na simu mkononi, na ndiyo sababu kulikuwa na nyavu zimetandazwa.

Mama mmoja anayeuza uji na maandazi pale alisikia sauti ya shangazi kwenye simu ya kijana wa BMU Alhamisi alfajiri. Akaomba irudiwe. Halafu akampigia binti: "Mwanangu, mzee wenu si ndiye huyu anayetushonea nyavu? Yuko hapa tangu juzi." Akaulizwa mkono wa kushoto una nini. Akajibu bila kufikiri: "Kovu. Ndoana."

Tulimkuta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, wavu umepita juu ya magoti yake, vidole vinafunga fundo, vinavuta, vinapima jicho la wavu kwa kidole gumba, vinafunga tena. Hakuwa anaangalia mikono. Vijana wawili walikuwa wamekaa kando wakimwangalia, na mmoja akanionyesha kipande chenye matundu yaliyozibwa kiasi kwamba huoni yalikuwa wapi. Usiku alilala kwenye banda la vifaa, wamemfunika turubai. Ndala moja ilikuwa imepotea na mguu ulikuwa umechubuka. Binti alipiga goti akamsalimia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akamwuliza kama amemletea uzi.

Nilimwuliza mama wa uji kwa nini hawakutoa taarifa mapema. Hakuona kama kuna kitu cha kutolea taarifa. Mzee alikuja, akasalimia, akaona wavu uliochanika, akakaa akaanza kazi. Wakadhani ni mgeni wa mtu. Hakuonekana mtu aliyepotea, kwa sababu pale hakuwa amepotea. Tangazo la suti alikuwa ameliona kwenye stetasi ya mtu tangu Jumanne usiku, mzee mwenyewe akiwa hatua chache kutoka jiko lake.

Baada ya kupatikana

Kazi iliyofuata watu wengi huisahau. Picha ileile ya koti iliandikwa AMEPATIKANA kwa herufi nyekundu, pamoja na tarehe, ikatumwa kwa kila mtu aliyepewa tangazo la pili, na wote wakaombwa kufuta. Ndani ya siku moja lilikuwa limefungwa. La kwanza halikufungika. Hatukujua limefika wapi wala nani wa kumwambia, na lilikuwa halina tarehe ya kumfanya mtu ashuku. Miezi ilipita simu bado zinaingia kwa binti na kwa kaka yake, watu wema kutoka mikoa ya mbali wamemwona mzee mwenye suti.

Kulikuwa pia na video. Kijana mmoja pale mwaloni alimrekodi mzee akiwa mguu peku, akimwuliza maswali ambayo hakuweza kuyajibu, na watu wanasikika wakicheka. Iliwekwa mtandaoni kabla hatujafika nyumbani. Binti aliumia kwa video ile kuliko kwa yote yaliyotangulia. Tulimtafuta kijana, tukazungumza naye kwa utulivu, akaifuta, ingawa nakala zilikwishatoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti. Mzee hakukubali kupigwa picha na hakuwa na uwezo wa kukubali. Ruhusa ya kuonyesha sura yake ilitoka kwa familia kwa lengo moja, kumpata, na lengo lilipotimia ruhusa iliisha.

Kisa hiki kinafaa kwa wazee wa aina hii. Kwa mtoto, polisi na Dawati la Jinsia na Watoto watangulie, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Na kuna "waliopotea" ambao nisingesambaza tangazo lao kabisa kabla ya kuona RB. Mwanamke mtu mzima aliyeondoka na watoto wake usiku, anayetafutwa na mume kwa maneno matamu ya kuomba msaada, anaweza kuwa amekimbia kipigo. Anayemtangaza anamsaidia mume kumfikia. Polisi wanaweza kuthibitisha kwamba mtu huyo yuko salama bila kumwambia anayemtafuta yuko wapi. Grupu la WhatsApp haliwezi.

Mzee alipelekwa kliniki na sasa anahudhuria. Namba ya binti imeshonwa ndani ya kola ya koti na ya mashati yote, na picha yake mpya hupigwa kila mwezi na kutunzwa kwenye simu tatu. Jumamosi moja moja mjukuu humpeleka Igombe asubuhi na kumrudisha jioni, na BMU wanamwekea wavu. Mtaa nao ulitengeneza orodha ya watu wa kutumiwa tangazo: stendi ya Nyegezi, Buzuruga, njia ya Airport, vijiwe vya bodaboda, mialo ya Ilemela, kila mahali jina moja na namba moja, na katibu wa mtaa huzipiga mara kwa mara kuhakikisha bado zinapatikana. Pengo lililobaki ni barabara ya Magu. Kuanzia Kisesa kwenda mbele bado hatuna mtu hata mmoja.